Wageni wa Zayir Lafta

Kaka yangu Laith ana sheria moja katika kazi: usiguse. Mtu akijikwaa mbele ya kamera, usimshike. Chungu kikifurika, usikiepue. Mtoto akilia, mwache mama yake amsikie mwenyewe. Sisi tumekuja kuona, si kutenda, na siku tutakayotia mkono ndiyo siku filamu itakapokuwa yetu badala ya kuwa ya wenyewe. Ukimsikia akiwaambia hivyo vijana kwenye warsha za Baghdad, utadhani anasoma hutuba ya Ijumaa. Mimi ni mtu wa sauti. Namfunga mtu maikrofoni kifuani, navaa hedifoni, nasikia kila anachosema mpaka tumbo lake likinguruma. Laith akichoka kuona hufumba macho. Mimi nikichoka sina cha kufumba.

Mwaka wa pili ule tulikuwa tunampiga filamu Zayir Lafta, mfugaji wa nyati wa maji kwenye vinamasi vya Chibayish. Watu walimwita Zayir, yaani mwenye kuzuru, kwa sababu aliwahi kwenda kuzuru Mashhad, naye alilipenda jina hilo kuliko lake. Ilikuwa filamu ya hali halisi, haina mwigizaji, haina maneno ya kukariri. Kazi ya namna hiyo siku hizi ni ya kuombaomba. Televisheni zetu hazinunui. Zinataka wanasiasa wafokeane mezani. Kampuni za filamu za mtandaoni zinataka mauaji na wacheza mpira. Zimebaki zile taasisi za wafadhili, unakwenda unasimama mbele ya watu wanaokunywa maji ya chupa, unapewa dakika chache uwaeleze kwa nini maji ya mtu mwingine yakikauka ni jambo la kuvutia. Laith alisimama, akaeleza, wakampenda. Chakula chake mwenyewe hakitoki huko. Kinatoka kwenye harusi za Nasiriya, ambako hupiga picha za mabwana harusi wakitoka jasho.

Wafadhili walimpa mshauri, mama mmoja mpole wa Ulaya. Alipiga simu mara kwa mara, akasifu matete, akasifu ukungu, akasifu nyuso. Kisha akauliza lile lile.

"Watahama lini, Laith?"

Maana filamu ilikuwa imeshapata mwisho wake kabla ya kuupiga. Maji yanapungua, yanageuka chumvi, mtu ambaye mababu zake wote wamezikwa wakinukia matete anang'oa nyumba yake anaondoka. Bila kuondoka kule hakuna filamu, kuna nyati tu wanaoga. Na hapo ndipo sheria ya Laith ilipozaa kijisheria cha pili: mhusika asijue unangoja nini. "Akijua unachotaka atakupa," huniambia. "Na akikupa, umeshamharibu." Kwa hiyo Zayir Lafta hakuwahi kuambiwa. Tulikuja, tukala, tukapiga picha, tukarudi mjini, tukaja tena. Naye hakuuliza tutaondoka lini. Wapo watu duniani wanaompa mgeni jembe siku ya tatu. Watu wa matete, hawa wa vinamasini, hawampi jembe hata mwaka wa tatu.

Kiangazi kile maji yalitisha. Mfereji uliokuwa unapitisha mitumbwi miwili ubavu kwa ubavu ulibaki wa kuvuka bila kuvua viatu, na yale yaliyobaki yalikuwa ya rangi ya chai ya jana. Nyati wakinywa walikohoa. Wengine macho yaliingia ukungu mweupe, wakawa wanagonga nguzo. Nyati jike mkubwa, Sabha, ambaye ndiye aliyewaongoza wenzake kwenda malishoni na kuwarudisha, alisimama siku nzima kwenye tope akiutazama upande wa mto kama anayengoja gari. Hatam, mwana wa pekee wa Zayir, alikuwa ameshatangulia kaskazini, juu ya mto Frati, huko Mishkhab, akapata mwenye shamba aliyekubali kuwapa kipande cha ukingo wenye maji matamu. Kilichobaki ni lori na wazee wake.

Nasi tukafika na kamera, tukakaa upande wa wageni, tukangoja waondoke.

Asubuhi moja nilimfunga Mama Hatam maikrofoni kabla ya kukamua. Laith alikuwa ndani anachaji betri kwa jenereta lililokuwa linakohoa kuliko nyati. Mimi nilikaa nje nimeegemea ukuta wa matete, hedifoni masikioni, napima sauti ya maziwa yakiingia kwenye ndoo. Yalikuwa machache mno. Kisha nikasikia hatua za Zayir zikija kwenye tope.

"Hatam amepiga tena," alisema Mama Hatam.

"Nimemsikia."

"Mwenye shamba anasema hangoji. Kuna mtu wa Hilla anakitaka kile kipande."

"Nimesikia, mwanamke."

"Basi lete lori."

"Na wageni?"

"Wageni gani? Wale wanakwenda na kurudi kama mabata wa kipupwe!"

"Sanduku lao limo ndani," Zayir alisema, kwa ile sauti ya mtu aliyeshasema jambo mara nyingi. "Mgeni ambaye mzigo wake umo ndani hajaondoka, hata akiwa China. Nibomoe nyumba juu ya mzigo wa mgeni? Arudi akute tope? Watu waseme Lafta alimhama mgeni wake?"

"Basi waulize wanaondoka lini."

Maziwa yalinyamaza kwenye ndoo.

"Unataka nimuulize mgeni anaondoka lini," alisema polepole. "Wewe, binti wa nyumba yenye heshima, ndiye unayeyasema hayo."

"Sikusema na wewe. Nilikuwa nasema na Sabha."

Lile sanduku ni la plastiki ngumu, ndani yake taa, stendi ya kamera na nyaya. Laith aliliacha pale tangu majira ya kuchipua, kwa sababu kila tulipopita vizuizi vya barabarani askari walilifungua, wakatoa kila kitu, wakauliza kibali cha kila lenzi. Tulipomwomba Zayir atuwekee, alilipokea kwa mikono miwili. Alilikalisha upande wa wageni, mahali pa heshima, akalifunika shuka ya maua. Sisi watu wa mjini tulidhani tumepata stoo. Yeye alijua amepata mgeni asiyeondoka.

Nilivua hedifoni nikaingia ndani. Nilimweleza Laith neno kwa neno, mpaka pale pa Sabha. Laith alikaa juu ya ndoo akajishika kichwa.

"Hawaondoki kwa ajili yetu," nilisema. "Wewe unangoja wahame upate mwisho. Wao wanangoja umalize wapate kuhama. Nyati wanakufa katikati."

"Nimeelewa, Nawras."

"Basi toka ukamwambie."

"Nimwambie nini? Ami, ondoka, nina kamera tayari? Nikimwambia hivyo ataondoka kwa ajili yangu. Hiyo si hali halisi tena, ni mchezo wa kuigiza."

"Na sasa anakaa kwa ajili yako. Hiyo nayo unaiitaje?"

Mimi nampenda kaka yangu, lakini saa ile nilitamani kumpiga kwa maikrofoni yake mwenyewe. Si mtu mbaya. Kazi hii ilimfundisha kuogopa mkono wake kuliko anavyoogopa dhambi, na haikumfundisha afanye nini siku ambayo kukaa kimya ndiyo mkono wenyewe.

Mwishowe tulikata shauri la watoto wa mjini: hatutasema lolote, tutachukua tu sanduku letu twende. Mzigo ukitoka, wageni wametoka, nyumba inabomolewa, lori linakuja. Kamera tungekuja nayo siku ya kuhama, kwa mbali, juu ya tuta. Tulijiona werevu.

"Ami," Laith alimwambia Zayir baada ya chai, "leo tutachukua sanduku letu. Tumekusumbua vya kutosha."

Zayir Lafta ni mtu mrefu, mkavu, mwenye masharubu yaliyogeuka njano kwa sigara. Alimtazama Laith, akanitazama mimi, akatazama sinia lililokuwa mbele yetu. Palikuwa na mkate wa mchele na kopo la samaki wa dukani. Zamani sinia lile lilikuwa halitoki bila malai mazito ya nyati, yale unayokata kwa kisu. Nilimwona akihesabu kilichokosekana na uso wake ukaiva.

"Tumewapunja," alisema.

"Hasha, ami! Hasha wa kalla!"

"Mmekula samaki wa bati ndani ya nyumba yangu tangu mje, nami nasema labda wageni hawaoni. Kumbe wanaona. Wanachukua mzigo wao wanakimbia njaa."

"Ami, si njaa, tuna kazi mjini, kuna harusi," nilidakia.

"Kwa haki ya Abbas," alisema Zayir, na Mama Hatam aliyekuwa mlangoni akafumba macho, kwa sababu kiapo kile cha jina la nduguye Imamu Husein kwetu kikishatoka hakirudi, hata mwapaji mwenyewe akijuta. "Kwa haki ya Abbas, mgeni wangu hatoki na mzigo wake hapa na tumbo tupu. Mtakula karamu yenu ya kuagwa ndipo mtoke."

Alikuwa hana kondoo. Alikuwa hana kuku wa maana. Alichokuwa nacho ni ndama wa Sabha, na watu wa matete hawachinji ndama wa nyati mpaka maji yazidi unga. Laith alimfuata nje akimshika mkono, akamwomba, akaapa kinyume chake, akasema ana ugonjwa, nyama haimfai. Zayir alimpapasa bega kama unavyompapasa mtoto anayeogopa kinyozi.

"Nyamaza, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi naponea wapi kama si kwenu?"

Mchana ule tulikula nyama ya ndama. Sikumbuki utamu wake. Nje Sabha alikuwa anaita, mwito mrefu unaoanzia tumboni, na nyati asiyemwona ndama wake hashushi maziwa. Mama Hatam hakula. Alikuwa kivulini anaipaka chumvi ile ngozi, anaijaza matete makavu, anaishona kwa uzi wa gunia ili amsogezee Sabha jioni, ainuse, adanganyike, atoe maziwa vikombe viwili vitatu. Laith alimwona. Kamera ilikuwa karibu yake na hakuigusa, mara ya kwanza katika maisha yake kuiacha picha kama ile ipite.

Mimi ndiye niliyeshindwa. Zayir alikuwa ananiwekea kipande kingine kwenye mkate, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ami, sisi hatukuwa na kazi nyingine hapa. Tulikuwa tunawangoja ninyi muondoke."

Mkono wake ulibaki hewani na nyama.

"Filamu inaisha mkihama," nilisema. "Ndiyo picha iliyobaki. Tungejua kuwa mnatungoja sisi, tungeondoka zamani. Hatukuwaambia kwa sababu kazi yetu haitaki tuseme."

Alifikiri. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa kifua, mpaka machozi yakamtoka akawa anayafuta kwa ncha ya kilemba.

"Mwanamke!" aliita. "Njoo usikie! Walikuwa wanatungoja tuondoke! Na sisi tunawangoja wao! Tungekaa hivi mpaka Siku ya Kiyama, malaika aje aseme, ninyi nyote, nani mgeni hapa?"

Mama Hatam hakucheka. Aliukata uzi kwa meno akaendelea kushona.

"Basi lete lori," alisema.

Zayir alimpigia Hatam palepale. Hatam alipiga kelele za furaha mpaka sote tukamsikia bila spika: kipande bado kipo, mtu wa Hilla hajafika, njooni upesi. Kwa muda mfupi nilidhani tumepona. Nilimtazama Laith, naye akanitazama, na nadhani hata yeye aliisahau kamera.

Kisha Zayir akampigia mwenye lori, Abu Kadhim, mtu pekee pale ambaye lori lake lina kingo za kubebea nyati. Abu Kadhim alijibu akihema. Alikuwa barabarani, kwa miguu, ameshapita mji wa Suq na bendera begani, anakwenda Karbala.

"Arubaini ya Husein, ndugu yangu!" alisema. "Umesahau? Barabara zote za kaskazini ni za watembeao kwa miguu tangu leo. Malori hayapiti mpaka watu warudi. Nikuombee nini kwa Husein?"

"Niombee," alisema Zayir, akakata simu.

Hakuna mtu wa kumlaumu katika jambo hilo, na hapo ndipo uchungu wake. Ungemwambia nani? Watu wanatoka Basra kwa miguu, wazee, wenye magongo, akina mama wanasukuma vitoto kwenye vigari, wanamwendea Imamu Husein. Ungesimama mbele yao useme pisheni, nina nyati? Zayir mwenyewe kila mwaka hupeleka malai barabarani akawagawia bure. Mwaka ule alipeleka mkate mtupu, na alirudi amefurahi kwamba walau waliupokea.

Tulijaribu. Laith alimpigia kila mtu aliyewahi kupigwa naye picha za harusi. Mmoja alikuwa na lori lakini liko Basra bandarini. Mmoja alikuwa na vigari viwili vidogo, nyati mmoja angetosha na pembe zingebaki nje. Afisa mmoja wa barabara, ambaye Laith alimpigia bure picha za harusi ya binti yake, alisikiliza mpaka mwisho kwa upole, akasema mwanangu, hata gari la baba yangu mzazi nimelizuia. Laith akawapigia wafadhili. Yule mama mpole alisikitika kwa moyo kabisa, nilimsikia akivuta kamasi. Alisema fungu la filamu haliruhusiwi kuwasaidia wahusika, maana italeta maswali ya maadili. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama Laith anaendelea kupiga filamu.

Tukaanza kuleta maji. Tuliyachota bombani Chibayish kwa mapipa ya mafuta, tukayapanga kwenye gari letu mpaka likawa linakokota tumbo chini. Nyati mmoja hunywa pipa zima akatazama kama lipo jingine, na kunywa si nusu ya shida yake. Ngozi yake inataka kulala majini, isipolala inapasuka. Tulikuwa tunamwagia migongo yao kwa vikombe. Ni kama kuuzima moto wa shamba kwa mate. Laith alikuwa na malengelenge viganjani, na mimi sikuwa na maikrofoni kwa mtu yeyote, lakini nilisikia kila kitu vilevile.

Nyati walianza kulala wasiamke. Zayir alikaa na kila mmoja akimwita jina. Siku moja alimkuta Laith amebeba ndoo ya maji, akaishika ndoo ile akaiweka chini.

"Kamera yako iko wapi, mwanangu?"

"Ndani, ami."

"Kailete."

"Sitaki, ami. Leo sitaki."

"Unataka nini? Ubebe maji? Maji mimi naweza. Mimi nimekuuliza mwaka mzima kazi yako nini, umeniambia kupiga picha. Sasa nyati wangu wanakufa, na wewe huitendi kazi yako. Basi nani atajua?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamshauri, kama anavyomshauri mtu anayeshika kasia kwa kinyume. "Kila mtu na kazi yake. Kailete."

Laith aliileta. Alipiga huku analia, na kioo cha kutazamia kikawa kinapata ukungu, akawa anakifuta kwa shati. Nilimfunga Zayir maikrofoni. Ndani ya hedifoni nilisikia moyo wake, unapiga taratibu, bila haraka yoyote. Sabha alikufa siku ya pili yake, amesimama kwanza, kisha magoti, kisha ubavu, na ile ngozi ya ndama iliyojazwa matete iko mbele ya pua yake. Mama Hatam aliendelea kumsogezea mpaka mwisho, kwa sababu Sabha akiinusa alitulia.

Hatam alipiga simu siku watu walipoanza kurudi kutoka Karbala. Safari hii hakupiga kelele. Mtu wa Hilla alikuwa amefika na nyati wake kwa njia ya upande wao, ambayo haikufungwa, na mwenye shamba amempa ukingo. Hatam alisema baba nisamehe. Zayir alisema umefanya uwezalo, kula, usikae na njaa, akarudisha simu mfukoni akauliza kama chai ipo.

Sasa hapakuwa na pa kwenda, na bado ilibidi waende. Nyati waliobaki walikuwa wachache na wagonjwa. Mchinjaji wa Nasiriya alikubali kuwachukua kwa bei ya ngozi. Zayir na mkewe wangekaa kwenye chumba kando ya matanuri ya matofali, ambako binamu wa Mama Hatam anafanya kazi. Ndiko wanakoishia watu wa matete siku hizi, kwenye vumbi jekundu, wanachoma udongo wa watu wengine.

Lori la Abu Kadhim lilikuja asubuhi. Abu Kadhim mwenyewe alikuwa bado anachechemea, nyayo zimevimba, alimkumbatia Zayir akamwambia nimekuombea pale pale mbele ya kaburi, naye Zayir akamshukuru. Walishusha matao ya matete ya nyumba moja moja, wakayafunga kwa kamba. Sanduku letu Zayir alilitoa mwisho, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari letu, akalifuta vumbi. Alituuliza kama kuna kitu kimepungua. Nyati walipandishwa kwa kuvutwa pembe. Wawili walikataa, wakasukumwa na mabega ya wanaume.

Laith alipanda juu ya tuta na kamera, kama alivyopanga mwaka mzima. Nikasimama karibu naye na maikrofoni yenye mti mrefu kama fimbo ya kuchumia matunda. Kila kitu kilikuwa kama alivyowaeleza wale watu wa maji ya chupa: nchi kavu iliyopasuka, jua lenye vumbi, lori lenye matao ya matete juu na migongo myeusi nyuma. Lilipita mbele yetu, taratibu, Zayir kakaa dirishani anatazama mbele kama alivyoona Laith akipenda watu watazame. Likaendelea, likawa dogo. Laith alilifuata kwa kamera bila kupumua.

Likasimama.

Mlango ulifunguka, Zayir Lafta akashuka. Alirudi kwa miguu, kanzu imeinuliwa kwa mkono mmoja isiguse tope lililokauka, na ilimchukua muda kutufikia. Nilidhani amesahau kitu. Alipofika chini ya tuta aliinua uso, akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua, na akamuuliza kaka yangu kwa ile adabu aliyokuwa akituuliza nayo kila tulipoinua mikono kutoka kwenye sinia lake.

"Imekutosha, mwanangu? Kama haikutosha sema, usione haya. Tutarudi, tushushe mizigo, tuondoke tena."

Laith aliteremsha kamera. Nilitaka kusema mimi, imetosha, ami, nenda, tafadhali nenda, lakini aliyeulizwa ni Laith. Na huko mbele, kwenye lori, Mama Hatam alikuwa ameshasogea mpaka kwenye mlango ulioachwa wazi, mguu mmoja nje, anangoja kusikia tutasema nini.